Ubao Mgeni

Khaemba, mwuza mbao, alikuwa amelala kifudifudi kati ya marundo yake mawili makubwa, shavu lake kwenye unga wa msumeno. Nyuma ya sikio la kulia palikuwa na jeraha la kuingia vidole vitatu. Hatua moja kutoka kichwani kulikuwa na kipande cha ubao, urefu wa mkono. Ncha moja ilikuwa imevunjika. Ncha ya pili ilikuwa na damu na nywele.

Ilikuwa Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi. Jua la Kisumu lilishaanza kuuma, na nzi walikuwa wamewatangulia polisi.

Inspekta Maryanne Nakhungu hakutulia. Aliizunguka maiti mara ya nne, akachuchumaa, akainuka, akaenda hadi langoni, akarudi.

"Madam, utatuchosha macho," alisema Konstebo Byron. "Kesi yenyewe imeshaisha."

"Imeishaje?"

"Tumemshika Waswa, mpakiaji wa hapa. Jumamosi alifokeana na marehemu mpaka Kaloleni nzima ikasikia. Akafutwa kazi. Jana jioni mama wa chai alimwona akizungukazunguka hapa langoni. Leo maiti. Ubao ulikuwa karibu, akauokota, akapiga. Bosi kituoni anataka afikishwe kortini kesho saa tatu."

"Waswa amesema nini?"

"Hajasema kitu. Amefunga mdomo kama kopo."

Daktari wa polisi alivua glavu. Mapigo mawili, alisema, la kwanza kutoka nyuma. Kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni ya jana.

Nje ya lango mwanamke mwenye mimba ya miezi minane alikuwa amesimama juani, sweta ya mwanamume mkononi. Alikuwa Mercyline, mkewe Waswa.

"Madam, mume wangu hajui kuua hata nyoka," alisema. "Mkimpeleka huko kesho, hatarudi. Mtoto huyu atazaliwa amwite nani baba?"

Nakhungu alirudi ndani, akavaa glavu, akauinua ule ubao. Akausogeza puani, pale ulipovunjika.

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile, alisimama tuli.

"Yawa, Madam, unanusa damu?" Byron alishtuka.

"Nanusa ubao. Njoo."

Byron alinusa kwa ncha ya pua. "Kama ile dawa ya kuchanganyia rangi."

"Tapentaini. Sasa nusa huu." Alikwangua kwa kisu ubao mmoja wa kwenye rundo.

"Huu hauna ukali. Kama limau kavu hivi."

"Huu ni saiprasi. Ule ulioua ni msonobari. Paini."

"Mbao ni mbao, Madam."

"Kwenu ziwani, ndiyo."

Juu ya lango kulikuwa na kibao cha rangi nyekundu: KHAEMBA — SAIPRASI TUPU. Nakhungu alitaka kujua kama kibao kile kilisema kweli. Alipita rundo kwa rundo, akikwangua na kunusa, jasho likimtiririka mgongoni. Baba yake alikuwa askari wa msitu kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na alimfundisha miti kama wazazi wengine wanavyofundisha sala. Saiprasi hauna utomvu wa kunata. Msonobari unao, na ukiupasua unalia machozi. Mtarakwa una moyo mwekundu na harufu ya penseli. Podo hauna harufu ya kutajwa.

Saa nne alimaliza. Mikono ilikuwa myeusi. Hakukuwa na msonobari hata mmoja.

"Ubao huu ni mgeni hapa," alisema. "Muuaji aliuleta."

"Nani anatembea na ubao mjini, Madam, kama mwavuli?"

Aliugeuza. Uso mmoja ulikuwa umepakwa oili chafu, na juu ya oili, mabaki ya rangi ya buluu. Kulikuwa na matundu matano ya misumari, yamepangwa sawasawa. Kwenye ukingo zilinata nyuzi za pamba iliyosokotwa.

Byron, aliyezaliwa ufuoni, aliacha kutania. "Hiyo pamba ni ya kuziba nyufa. Huo ni ubao wa boti."

Lori la Khaemba lilikuwa limeegeshwa nyuma ya yadi. Nakhungu alipanda, akapiga magoti, akaanza kuokota majani kwenye nyufa za sakafu.

"Majani ya Krismasi," Byron alisema.

"Tazama vizuri. Haya ni magamba madogo yamelaliana."

"Kama ya samaki."

"Basi umeshaujua saiprasi. Na haya?"

Alikuwa ameshika sindano ndefu za kijani, bado laini. Tatu, zimefungwa pamoja chini kwa ala moja nyembamba.

"Hayo ni ya ule mti wa pale kituoni, langoni."

Nakhungu aliruka chini, akaivuta sindano moja. Ilikatika mara moja, basi. "Ule wa langoni ni mvinje. Ukiuvuta, unaachana vipande vipande kama viungo vya kidole. Unajifanya ndugu wa misonobari na wala si ndugu. Hizi tatu tatu ni msonobari wenyewe. Na ni mbichi. Siku hizi chache lori hili limebeba msonobari. Kwa nini, ikiwa Khaemba anauza saiprasi tupu?"

Byron alikuna kichwa. "Tumwulize Waswa."

* * *

Waswa alikuwa mtu wa miaka arobaini, mabega mapana, macho yamezama. Aliketi kwenye kiti cha chumba cha mahojiano, akitazama meza. Nakhungu hakuketi.

"Jumamosi mligombana kwa nini?"

Waswa alikwangua ukingo wa meza kwa ukucha.

"Jana jioni ulikwenda yadini kufanya nini?"

"Kuomba kazi yangu. Nikaogopa kuingia. Nikarudi nyumbani."

"Uliona mtu?"

Waswa aliutazama mlango. "Hapana."

Nakhungu aliweka zile sindano tatu mezani, mbele ya pua yake. Waswa akakisogeza kiti nyuma.

"Mkeo yuko nje tangu asubuhi. Hajaketi. Nakuuliza tena. Mligombana kwa nini?"

"Kwa sababu ya hizo," Waswa alisema. "Ijumaa lori lilileta paini. Mzee Khaemba akaniambia nipake oili nzito, rangi ipotee, ziuzwe kama saiprasi. Ni za boti ya mtu wa Port Victoria. Nikakataa, akanifuta. Wengine wakazipaka, zikaondoka Jumamosi hiyohiyo."

"Kwa nini ulikataa?"

"Kwa sababu nilishawahi kupaka."

"Lini?"

"Januari. Paini inaoza upesi majini, Madam. Misumari inalegea. Boti ile ilipasuka mwezi wa sita, mbali na nchi kavu. Mabaki tu yalirudi ufuoni; aliyekuwa ndani hakupatikana."

"Alikuwa nani?"

"Terry. Mtoto wa Mzee Dishon, yule fundi wa boti. Mzee ndiye aliyeiunda."

Nakhungu alikuwa akitembea dirishani na kurudi. Alisimama. "Fundi wa boti alinunua paini akidhani ni saiprasi? Mtu anayeshika mbao kila siku?"

"Hata mimi nilimwuliza bosi. Nikasema, huyu si mtu wa kudanganywa, atanusa. Bosi akacheka. Akasema, 'Paka tu. Yule hatajua.'"

"Kwa nini alikuwa na hakika?"

"Sijui, Madam. Haki ya Mungu sijui."

Hapo alisema kweli. Lakini kulikuwa na kitu kingine alichokuwa amekikalia, na Nakhungu alikiona, na muda haukutosha kuking'oa. Alitoka nje akiwa ameshika simu. Alipiga kituo cha Port Victoria, akawaambia wazitafute mbao zilizotoka kwa Khaemba Jumamosi, zisipigwe msumari hata mmoja. Kisha akamwita Byron.

"Ufuoni. Sasa hivi."

* * *

Karakana ya Mzee Dishon ilikuwa kwenye ufuo mdogo mbele kidogo ya Dunga: mabati manne, meza ya randa, na nyuma yake mabaki ya boti yaliyofunikwa nyavu kuukuu. Wanawake waliokuwa wakipaa samaki magamba walimwonyesha Nakhungu njia kwa visu.

"Mzee Dishon?" mmoja alicheka. "Huyo akinusa ubao, anakutajia mlima ulikotoka na jina la aliyeukata."

"Na alikula nini siku hiyo," mwingine akaongeza.

Mzee alikuwa akiranda, amewapa mgongo. Mwembamba, mvi zimekatwa chini, mikono bado ya kijana. Nyuma yake, ndani ya kibanda, kikaango kilikuwa juu ya jiko la makaa. Nakhungu alifungua mdomo kumsalimu, akaufunga. Samaki wa ngege alikuwa akiungua. Harufu ilikuwa kali kiasi cha kuwasha macho, ingawa upepo wa ziwa uliupeleka moshi upande wa pili. Byron alikohoa. Mzee aliendelea kuranda. Nusu dakika. Dakika.

Byron hakuvumilia. "Baba! Samaki wako anateketea!"

Mzee aligutuka, akakimbilia ndani, akatoka na kikaango chenye kitu cheusi kama soli ya kiatu.

"Nilijua," alisema. "Napenda akiwa mweusi."

Nakhungu hakutabasamu. Alijitambulisha, akauliza mzee alikuwa wapi jana jioni.

"Hapa. Nikiranda."

"Nani alikuona?"

"Ziwa."

"Unajua Khaemba ameuawa?"

"Habari mbaya hazipandi boda, zinaruka. Nimesikia."

"Mbao za boti ya Terry ulinunua kwake?"

"Ndiyo. Saiprasi."

"Nani alihakikisha ni saiprasi?"

Mzee aligusa pua yake kwa kidole, polepole, kama askari anayepiga saluti. "Hii. Miaka arobaini na miwili."

"Kuna mtu anasema zilikuwa paini zilizopakwa oili."

"Mtu huyo ni mwongo. Zingekuwa paini ningejua. Boti ilipigwa na dhoruba. Mwanangu alichukuliwa na maji. Tulizika yago mahali pake." Alimtazama Nakhungu. "Wewe si wa huku, nyathina, binti yangu. Yago ni tunda la mti, refu, zito kama mkono wa mtu. Mwili usipopatikana, tunazika hilo. Mama yake hupalilia kaburi la tunda." Akachukua randa yake. "Sasa niambie. Kama mbao zilikuwa saiprasi, ningegombana na Khaemba kwa nini?"

Hapo Nakhungu akaona ukuta wote. Fahari ya mzee ndiyo iliyokuwa kinga yake. Asiyeweza kudanganywa hakudanganywa, na asiyedanganywa hana cha kulipiza.

Alikwenda nyuma ya karakana, akazivuta zile nyavu. Boti ilikuwa ya buluu. Ubao wa tatu kutoka juu ulikuwa na pengo la urefu wa mkono. Alichukua mfuko wa ushahidi kwa Byron, akakileta kile kipande kwenye pengo. Matundu matano yaliungana na mstari wa misumari. Mvunjiko uliingia kwenye mvunjiko kama jino kwenye ufizi wake.

Wanawake wa samaki walikuwa wamesogea. Hakuna aliyecheka.

"Watu huiba kuni hapa," mzee alisema. "Mtu amechukua."

"Akachukua kuni hadi Kaloleni?"

"Mjini kuna wezi wengi."

"Basi nisaidie, Baba. Nina vipande viwili, na mimi pua yangu haijafika miaka arobaini na miwili." Alikata vijiti viwili kwa kisu, akiwa amempa mgongo. "Funga macho. Nitajie."

Mzee alifunga macho. Alikiweka kijiti cha kwanza puani, akavuta pumzi ndefu, kichwa kimeinama kando, kama wanawake wale walivyomwona akifanya maisha yao yote.

"Huu ni paini," alisema.

Akanusa cha pili. Akachukua muda zaidi.

"Na huu ni saiprasi. Saiprasi safi."

Nakhungu alimsogelea mpaka akawa karibu na sikio lake. Hakutaka wale wanawake wasikie.

"Vyote viwili nimevikata kwenye ubao mmoja, Baba. Huo wa boti ya Terry."

Mzee hakufungua macho. Aliketi juu ya meza ya randa, pale pale, juu ya maranda.

"Waondoe watu," alisema.

Byron aliwaondoa. Nakhungu alimkumbusha mzee kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba atakalosema linaweza kutumiwa mahakamani.

"Pua ilikufa kwa corona?" Nakhungu aliuliza.

"Siku tisa za homa. Nilipoamka, dunia haikuwa na harufu. Nikasema itarudi. Nikangoja mwezi. Nikangoja mwaka. Sikumwambia hata Seline, mke wangu. Watu walikuja na mbao zao kutoka kote, 'Baba, tunusie.' Nikawa naangalia rangi, nagonga, napima uzito, kisha naweka puani ili wafurahi. Nilibahatisha. Sikukosea. Mpaka zile zilizopakwa oili. Oili imeficha rangi, imeongeza uzito."

"Ulijuaje?"

"Jana. Seline alikuja kutoka nyumbani, akavunja kipande cha boti kuwasha moto wa chai. Moshi ukatoka mweusi, na utomvu ukachemka kwenye ncha ya ubao, unadondoka. Saiprasi haufanyi hivyo. Macho yangu bado yanafanya kazi. Nikavunja kipande kingine, nikapanda boda mpaka yadini."

"Khaemba alikuwa peke yake?"

"Akipima mbao. Nikamwonyesha. Nilitaka tu aseme. Aseme, 'Ndiyo, Dishon, nilikufanyia.' Akacheka. Unajua alijuaje habari ya pua yangu? Kuna siku nilikwenda kwake, kumbe panya ameoza chini ya rundo. Kila mtu ameziba pua kwa shati. Mimi nikaketi juu ya lile rundo, nikaagiza soda, nikanywa mpaka mwisho." Mzee alicheka kidogo, bila kupenda. "Mimi nilidhani wale wote wana mafua."

Byron alitazama ziwani.

"Akaniambia, 'Ulinusa mwenyewe, Mzee. Ulipitisha mwenyewe, mbele ya watu. Ukinitaja, nitaueleza ufuo mzima pua yako ilikufa lini. Halafu waamue nani alimzamisha Terry, mimi au wewe.' Akanipa mgongo, akaendelea kupima. Mimi nikampiga. Alipoanguka nikampiga tena." Alinyoosha mikono yake miwili kwa ajili ya pingu. "Andika hilo lote. Lile la pua usiandike."

"Bila hilo hakuna sababu, Baba."

"Ndiyo," alisema mzee. "Najua hivyo."

* * *

Inspekta mwingine ndiye aliyeandika ungamo, kama sheria inavyotaka, na Seline akaitwa kuketi kando ya mumewe. Nakhungu alingoja kwenye korido, akitembea. Saa kumi na moja kasorobo simu ililia. Port Victoria wamezipata mbao. Boti ya huko ilikuwa imefika ubao wa pili.

Waswa aliletwa kwenye meza ya mbele kurudishiwa mkanda na viatu vyake. Wakati huohuo mlango wa pembeni ukafunguka, na Mzee Dishon akatolewa amefungwa pingu. Korido ilikuwa nyembamba. Walikutana uso kwa uso.

"Ni wewe uliyepaka?" mzee aliuliza.

"Ndiyo, Baba."

"Ulikuwepo siku niliyonunua?"

"Nilikuwepo. Ulinusa kila ubao. Ukasema, 'Saiprasi nzuri.'" Waswa alikuwa ameshika viatu kifuani. "Nilishangaa. Nikasema moyoni labda Baba anajua jambo ambalo sisi hatujui. Nani angemkosoa Mzee Dishon juu ya mbao?"

Mzee aliinua mikono yenye pingu, akaigusa pua.

"Na jana nilikuona ukitoka yadini," Waswa alisema, haraka sasa, machozi yakimshuka. "Hawa wameniuliza mara ngapi. Mke wangu yuko hapo nje. Sikukutaja. Nilinyamaza, Baba, ili nikulipe."

Nakhungu alisimama. Kumbe hicho ndicho Waswa alichokuwa amekikalia.

Mzee Dishon alimtazama yule mtu bila hasira yoyote.

"Hukunyamaza mara moja, ulinyamaza mara mbili," alisema. "Ile ya kwanza, siku nanusa mbao, ndiyo ungesema."

Askari akamgusa bega, wakaenda.

Waswa alitoka nje bila kuvaa viatu. Mercyline akamtupia sweta mabegani ingawa jua lilikuwa bado kali, akamshika mkono, akamwongoza hadi barabarani. Nakhungu aliwatazama mpaka wakapotea, kisha akaenda kwenye bomba la uani kunawa. Alisugua kwa sabuni, akasugua kwa mchanga. Utomvu haukutoka. Alinusa vidole vyake, akanawa tena.